Matanga ya Drusila

Nchi inayosemwa hapa si hii yetu. Hii yetu mambo yake shwari, na wakubwa wake hulala mchana kwa kuwa kazi wameimaliza asubuhi. Hiyo ni nyingine, iko mbali kabisa, ingawa ukitaka kwenda huhitaji kupanda kitu. Atakayejiona humo amejiona mwenyewe, hakuna aliyemnyooshea kidole.

Humo aliishi mwanamke aitwaye Sikudhani, msusi wa nywele, mke wa Mbaruku bawabu, mama wa mtoto mmoja tu, Chausiku. Shule alifika darasa la saba akashushwa njiani, kama wengi. Kusoma alijua, kuandika alijua, na kuogopa alijua kuliko vyote viwili. Mtoto akichelewa kurudi dukani, yeye tayari keshamuona katumbukia kisimani, kaopolewa, na watu wamejaa uani.

"Wewe Sikudhani," mumewe humwambia, "mtoto wako umemzika mara nyingi kuliko sala ulizosali."

"Ndiyo maana yu hai," humjibu.

Kila Jumapili alasiri alimkalisha Chausiku chini, kichwa kati ya magoti yake, akamsuka twende kilioni, ule msuko mwepesi wa kulaza nyuma. Na kila alipovuta mstari wa kwanza, mtoto alipiga kelele.

"Mama, usikaze!"

"Sijakaza."

"Umekaza! Nyusi zangu zimefika hapa!"

"Nikilegeza watasema umesukwa na panya. Tulia."

Kwa kelele hiyo Sikudhani alijua wiki imekwisha salama. Mtoto yupo, damu inatembea.

*

Basi nchi hiyo ilikuwa na tatizo la Kiingereza. Walikuwa nacho kila mahali, kwenye vibao vya barabarani, mahakamani, kwenye chupa za dawa, isipokuwa vinywani. Mtoto alikisoma tangu chekechea, na siku ya kuhitimu ukimuuliza jina lake kwa Kiingereza alitazama juu kana kwamba limeandikwa darini. Wakubwa wakakutana hotelini kulijadili jambo hilo. Walijadili mpaka hoteli ikaishiwa kuku. Mwisho wake Waziri wa Elimu na Matamshi akatoa hotuba, ikarushwa redioni asubuhi, mchana na jioni, kama dozi.

"Ndugu wananchi! Nimejiuliza swali zito, mpaka nikaumwa. Mwingereza mwenyewe, Kiingereza alikipata wapi? Hakukipata ubaoni! Alikipata kwenye riwaya! Kwa hiyo kuanzia muhula huu hatutafundisha Kiingereza. Tutawaingiza watoto kitabuni, tutafunga mlango, nao watatokea upande wa pili wakiwa wanaongea!"

Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza kama kitabu kina mlango wa upande wa pili.

Riwaya iliyochaguliwa ilikuwa ya Mzungu mmoja mwenye ndevu, aliyefariki zamani. Jina lake lilikuwa refu, watu wakaiita Riwaya tu, kama unavyosema Serikali. Mheshimiwa Waziri aliisoma akiwa sekondari, akachapwa kwa ajili yake, na kitu ulichochapiwa hukipenda ukubwani. Ndani yake mlikuwa na jumba la mawe, theluji, mbwa wengi, na bwana mwenye kiburi. Alikuwemo pia binti yatima jina lake Drusila, anayekohoa dirishani akimngoja mchumba aliyekwenda vitani. Katika sura ya kumi na mbili Drusila anakufa. Kitabu kinaendelea sura nyingine nyingi kama vile hapakutokea kitu, watu wanakunywa chai, ila mwishoni kabisa wanamuona yule marehemu amesimama bustanini kwenye theluji, analitazama jumba. Hakuna anayetoka kumuuliza ana nini. Kitabu kinaisha.

Wazee wa shule waliposikia hivyo wakanong'onezana: "Hao watu, na majumba yote hayo, hawana jirani?"

*

Mbinu yenyewe iliitwa Kuishi Kitabuni. Kila mtoto alipewa mtu wa ndani ya Riwaya, na tangu siku hiyo jina ni hilo, darasani hata nyumbani. Kwa kuwa watoto walikuwa wengi na watu wa kitabuni wachache, waliobaki waligawiwa mbwa na farasi, na mmoja akawa saa ya ukutani, kazi yake kugonga. Mama yake saa alikwenda kulalamika kwamba mwanawe tangu muhula uanze hajatamka neno ila "dong". Akaambiwa ashukuru, matamshi yake hayana kasoro.

Chausiku akapewa Drusila.

Siku hiyo Mbaruku alirudi kutoka kazini amevaa kofia yake ya ubawabu upande. Alilinda lango la wizara hiyo hiyo ya Elimu na Matamshi, na kwa kusimama pale miaka mingi alikuwa ameambukizwa ukubwa.

"Mhusika mkuu, mama Chausiku! Katika shule nzima! Mhusika mkuu!"

"Mwisho wake anakuwaje?" Sikudhani akauliza.

"Anakufa."

"Anakufaje?"

"Vizuri sana. Kwa Kiingereza."

Sikudhani akaweka chini kitana chake. "Baba Chausiku, kwetu jina la aliyekufa mtoto hupewa ili yule aliyekwenda arudi. Hapewi ili akafe tena."

"Ndiyo hasara ya kuishia la saba," Mbaruku akasema kwa upole. "Huyo hajafa kweli. Ni wa kubuni."

"Na mtoto wangu? Naye wa kubuni?"

Mbaruku akainuka. Akaenda kwa jirani kusema mhusika mkuu.

Mwanzoni lilikuwa jambo la kuchekesha. Chausiku alimwita baba yake bwana mkubwa, akitaka uji anaomba aletewe tabibu. Nyumba nzima ilicheka. Lakini wizara haikufanya mzaha. Ilitaka watoto waijue theluji, na kwa kuwa theluji haikupatikana, wakapuliza sufi kwa feni mpaka darasa likawa jeupe. Ilitaka waijue baridi, wakaleta mapande ya barafu kutoka kiwanda cha samaki, wakayapanga chini ya dirisha, na Drusila ndiye akakalishwa hapo, amevaa sweta la manyoya, anaangalia nje. Chausiku akawa anarudi nyumbani ananuka samaki kibua, mikono baridi. Kisha akaanza kukohoa.

"Anakohoa vizuri," taarifa ya shule ikasema.

Jumapili moja Sikudhani akamkalisha kama kawaida. Akachana, akagawa, akavuta mstari wa kwanza. Kimya. Akavuta wa pili, akakaza makusudi. Kimya.

"Chausiku, nimekaza?"

Mtoto alikuwa anatazama dirisha.

"Chausiku. We Chausiku! Nakuita mimi."

Hakuna. Shingo imenyooka kama ya mtu anayepigwa picha. Sikudhani akauma midomo, kisha akalitamka lile jina ambalo hakupenda liingie nyumbani mwake.

"Drusila."

Ndipo shingo ikageuka, taratibu, na mtoto akamtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtumishi. Kwa Kiingereza kilichonyooka, kisicho na haraka, akaomba dirisha lifunguliwe.

*

Kesho yake Sikudhani alikwenda shuleni. Mwalimu wa Riwaya aliitwa Ponsiano, kijana mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, macho ya mtu asiyelala vyema.

"Mwalimu, nakuomba kitu kimoja. Ruka sura ya kumi na mbili."

"Mama Drusila..."

"Mama Chausiku."

Mwalimu akatazama dirisha, akatazama mlango. "Dada yangu, kuta zinasikia. Siwezi kuruka. Mkaguzi Mkuu wa Hisia anakuja kwa ajili ya sura hiyo hiyo, anatoka makao makuu na gari lake. Nikiruka nitahamishiwa Hesabu."

"Mtoto ananipotea, mwalimu. Namwita haitiki."

"Ndiyo Mbinu inafanya kazi."

"Hivi hiyo sura wewe mwenyewe umeielewa?"

"Mama," Ponsiano akasema, "mimi naifundisha."

Nyuma yake, kwenye kona, saa ya ukutani ikagonga. Hapakuwa na saa. Ni yule mtoto, na alikuwa peke yake darasani, wenzake wametoka kucheza zamani.

*

Mkaguzi Mkuu wa Hisia akaja. Alikuwa mtu mnene mwenye leso nyeupe ya kujifutia machozi, aliyopewa na serikali. Sura ya kumi na mbili ikasomwa mbele yake kwa sauti. Drusila akafa pale dirishani juu ya barafu, amefumba macho vizuri. Darasa zima likamtazama tu. Watoto hawakuwa wameelewa neno. Mbwa mmoja alibweka pasipo pake.

Mkaguzi akakasirika mpaka leso ikaanguka.

"Binti wa watu amekufa, na taifa halina hata chozi! Hiki ni Kiingereza gani kisicho na huzuni? Naagiza huzuni ihamishiwe kwa wananchi wenyewe. Kwa kufuata mila na desturi zenu, mfanye matanga ya Drusila. Nyumbani kwa Drusila!"

Na hapo ndipo kosa lilipofanyika, kosa ambalo watu wengine wasingeweza kulifanya hata wakifundishwa. Kwa maana katika nchi hiyo kilio hakiulizwi. Ukikisikia, unajifunga kanga kiunoni, unachukua ulichonacho, kuni au mchele, na unakwenda. Nani amekufa utajulia huko huko, ukishakaa. Na ukishajua, tayari umelia, na chozi likishamwagika halirudishwi jichoni.

Wizara ilileta gari la matangazo, likapiga ukunga wa msiba mtaa mzima. Kabla jua halijapanda, uani kwa Sikudhani pakawa hapatoshi. Turubai limefungwa, masufuria yamepanda motoni, wanawake wamejaa mkekani. Mbele kabisa alikuwa Bi Mishi, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke ambaye msiba usiokuwa na sauti yake watu huutilia shaka.

"Pole mwenzangu, pole," akamkumbatia Sikudhani. "Marehemu nani?"

"Bi Mishi, hakuna marehemu. Ni mambo ya shule. Wanasema Drusila."

"Drusila binti nani?"

"Yatima. Hana watu."

Bi Mishi akashika kifua. "Yatima?"

"Alikaa kwa mjomba wake. Alikuwa anaumwa kifua."

"Na mkewe mjomba? Mashangazi? Nani alikuwa naye alipokata roho?"

"Hakuna. Nyumba ilijaa watu, wanakunywa chai. Alikufa peke yake dirishani."

"Nani alimuosha?"

Sikudhani akafikiri. Mwanawe alikuwa amemsimulia kitabu kile mara nyingi mno. "Kitabu hakisemi."

"Hakisemi!" Bi Mishi akageuka kwa wenzake. "Jamani! Mtoto wa watu hakuoshwa!"

Hapo ndipo kilio kilipopasuka chenyewe. Wanawake wale walikuwa wamezika waume na watoto, lakini mtoto wa kike asiye na hata wa kumfunga kidevu, hilo hawajapata kulisikia. Walimlilia kwa majina waliyombuni wenyewe. Mmoja akamwita mdogo wangu. Mwingine akasema, "Ungekuja kwetu, mwanangu, ungekuja kwetu, kwetu hakuna theluji." Mkaguzi Mkuu wa Hisia akapita kati yao akiandika alama, mpaka naye akakaa chini akalia, na leso ya serikali haikutosha.

Kisha yakaja mambo ya mazishi. Kwao, aliyekufa mbali maiti asipatikane, huzikwa mgomba badala yake. Wanaume wakakata mgomba nyuma ya shule. Ukaoshwa, kwa kuwa hakuoshwa. Ukavishwa sweta lile lile la Chausiku, ukafungwa sanda, na afisa wa wizara akasoma wasifu: marehemu alikuwa mpenda maendeleo, mlipa kodi mtiifu, ameacha pengo lisilozibika katika mtaala. Sikudhani akaona sweta la mwanawe linashuka ardhini. Akataka kupiga kelele, lakini kelele zilikuwa zimejaa pale, ya kwake nani angeitambua?

Mtoto mwenyewe alikuwa ameamriwa alale chumbani asiseme kitu, kwa ajili ya uhalisia. Watu waliporudi kutoka kaburini, nyuma ya shule, wakamkuta ametoka uani, anachota maji mtungini.

Mwanamke mmoja akaangusha sahani. "Huyu nani?"

"Drusila," akasema mtoto wa jirani, kama alivyofundishwa shuleni.

Waliokuwa karibu naye wakarudi nyuma.

"Drusila tumemzika sasa hivi," Bi Mishi akasema polepole, na akajifunika uso kwa kanga.

*

Tangu siku hiyo hakuna aliyemsalimu. Si kwa ubaya, wala watu wale hawakuwa na ubaya. Ila mtu akishaliliwa, akazikwa, wali wake ukaliwa, hasalimiwi barabarani. Ni kumkosea adabu. Chausiku akienda dukani, mwenye duka huangalia juu ya kichwa chake na kumhudumia aliye nyuma. Wenzake wakicheza kamba, akikaribia kamba inaanguka. Shuleni walikuwa wamefika sura ya kumi na tatu, ambamo watu wanakunywa chai, na Mwalimu Ponsiano hakumwita tena kwa jina lolote. Baadaye akamtoa nje kabisa. Kwa ajili ya sura ya mwisho, akasema, na asimame uwanjani peke yake, juani, analitazama darasa.

Akawa anasimama. Kutwa. Anakohoa, anatazama juu, midomo inatembea kwa Kiingereza. Watoto waliokuwa karibu na dirisha wakaomba kuhamishwa.

Nyumbani alikula akipewa, alilala akilazwa. Sikudhani alimsuka akakaza mpaka vidole vikamuuma mwenyewe. Wapi. Kichwa kile kilikuwa baridi kama pande la barafu la kiwandani.

Akajifunga akaenda wizarani, amemshika mtoto mkono. Walimpeleka kwa Kaimu Mkurugenzi wa Wahusika, mzee mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Mtoto aliachwa kwenye benchi nje ya mlango.

"Nataka mwanangu arudishwe," Sikudhani akasema.

"Jina?"

"Chausiku."

"Hatuna."

"Drusila."

"Aaa! Pole sana kwa msiba, mama. Mimi mwenyewe nililia."

"Hajafa, baba. Yuko hapo kwenye benchi. Mtazame, mlango uko wazi."

Kaimu Mkurugenzi hakugeuza shingo. "Mama, mtumishi wa umma hatazami nje ya utaratibu. Kumrudisha mhusika aliyefariki si mamlaka yetu. Ni ya mwandishi."

"Basi mwandikieni."

"Tumemwandikia."

"Amejibu?"

"Ni marehemu," Kaimu Mkurugenzi akasema. "Tunampa muda."

Sikudhani akamchukua mwanawe wakatoka. Langoni alikuwa Mbaruku, zamu yake. Lango la wizara lilikuwa la mabawa mawili. Akija mmoja, bawabu hufungua bawa moja. Wakija wengi, hufungua yote mawili. Mbaruku alimwona mkewe, akampigia saluti ya kizembe, akafungua bawa moja, akaanza kulirudisha nyuma yake kabla mtoto hajapita.

"Baba Chausiku," Sikudhani akasema. "Tuko wangapi?"

Mbaruku akatazama. Akamtazama mkewe, akatazama pale penye mtoto, kisha akatazama barabarani kama mtu aliyesahau alichokuwa anakitafuta.

"Si uko peke yako?" akasema.

Hapo Sikudhani akajua kwamba akingoja wizara, atakuja kungojea pembeni mwa kaburi la ule mgomba.

*

Katika nchi hiyo mtoto akizaliwa hawi mtu moja kwa moja. Hukaa ndani kwanza. Siku yake ikifika hunyolewa, hutolewa nje mlangoni, huelekezwa kwenye jua, na mama yake humwita kwa jina mbele ya watu. Wakishamwona na jina wakishalisikia, basi amekuwa mwenzao, hata awe kiziwi. Na vigelegele, kama kilio, haviulizwi.

Sikudhani akamfungia mwanawe ndani. Akamficha, akamlisha uji kwa kijiko, akamuogesha kwa maji ya uvuguvugu. Alipoona imetosha, alfajiri moja jua linachomoza akasimama mlangoni peke yake akapiga vigelegele mpaka kuku wakaruka.

Wa kwanza kufika alikuwa Bi Mishi, kanga ya usingizini, kopo la unga mkononi.

"Nani kajifungua?"

"Mimi."

"Wewe? Mimba ulikuwa nayo lini, shoga, na mimi nipo hapa ukutani?"

"Tangu sura ya kumi na mbili."

Bi Mishi akachungulia ndani. Ni yeye aliyejifunika uso siku ile uani. Tangu siku hiyo hakuwa amelala vizuri. Akaweka chini kopo la unga.

"Wembe unao?" akauliza.

Wakaja na wengine. Wakaingia ndani, wakamkalisha Chausiku kwenye kigoda, na Sikudhani, aliyekisuka kichwa kile tangu kiote nywele, akakinyoa chote kwa mkono wake. Mbaruku akatokea amevaa kofia yake ya kazi, anatoka zamu ya usiku, kavutwa na vigelegele kama watu wengine, hajui ni vya kwake. Akasimama nyuma ya wanawake.

Wakamtoa mtoto mlangoni. Jua likampiga utosini. Sikudhani akasimama mbele yake. Asipoitika mbele ya watu wote hawa, basi. Hakuna mlango mwingine.

"Chausiku," akaita.

Kimya. Jogoo akawika, akanyamaza.

"Chausiku binti Mbaruku! Mimi mama yako nakuita!"

Midomo ya mtoto ikatembea, ikatafuta, kama mtu anayepapasa kitasa gizani. Kisha macho yake yakamshika mama yake, yakakaa.

"Bee, mama."

Na kabla furaha haijampasua mtu kifua, ikasikika sauti nyingine. Kutoka ndani, chumbani, ambamo hawakumwacha mtu. Ilikuja baada ya kikohozi kidogo, matamshi mageni, kila herufi imekanyagwa kwa uangalifu, kama ya mwanafunzi mwenye bidii.

"Bee, mama."

Wanawake wote waliisikia. Mmoja akakumbuka ameacha chungu motoni. Mbaruku akavua kofia, akapita katikati yao, akambeba mwanawe aliyenyolewa akalia mbele za watu. Bi Mishi ndiye aliyebaki, na alikuwa akiutazama mlango.

"Tulimwambia wenyewe," akanong'ona. "Ungekuja kwetu, tulisema. Tena kwa sauti."

*

Wizara ilitangaza ushindi. Mkaguzi alipandishwa cheo, Mwalimu Ponsiano akahamishiwa Hesabu hata hivyo, na Waziri akasema redioni kwamba mwakani watoto wataingia kitabu cha vita, na baruti imekwishaagizwa. Mtoto wa saa ya ukutani hajaacha kugonga mpaka leo, na mama yake amezoea, hupikia kwa milio yake. Mtaani kwa Sikudhani watu wanamsalimu Chausiku vizuri, wakati mwingine mara mbili, na siku hizi, jambo ambalo halikupata kusikika katika nchi hiyo, kilio kinaulizwa. Ukisikia ukunga unasimama kwanza mlangoni kwako, unapaza sauti: "Nani? Wa nani? Katoka kitabu gani?" Na wewe mwenye mtoto, akirudi shule na jina jipya, usicheke. Muulize mwisho wake anakuwaje.

Nywele za Chausiku ziliota. Jumapili ya kwanza zilipofika kushikika, Sikudhani akamkalisha, akavuta mstari.

"Mama, usikaze!"

"Sijakaza."

"Umekaza, wallahi, macho hayafumbiki!"

Sikudhani akacheka peke yake, akaendelea kukaza. Alipomaliza, mtoto akaruka, akakimbilia kwa wenzake, na kicheko chake kikasikika ng'ambo ya ukuta, kwa Bi Mishi, pamoja na kishindo cha kamba.

Sikudhani akainama kukusanya kitana na mafuta. Ndipo kitu kikatulia kati ya magoti yake. Kichwa. Kinanuka kibua kwa mbali, na baridi yake ilipenya kanga mpaka mfupani. Hakutazama chini. Alipapasa tu, na nywele zilikuwa nyembamba, zimenyooka, zinateleza vidoleni kama maji. Angefanya nini? Amfukuze? Ampeleke wapi, na matanga yake yaliliwa hapa, na kaburi lake liko nyuma ya shule?

Kisha mkono wake, ambao haukujua kazi nyingine, ukachukua kitana. Akagawa katikati. Akavuta mstari wa kwanza.

"Mama," ikasema ile sauti, Kiswahili kimenyooka, "usikaze."

Sikudhani akalegeza.